Mabua hukopa kabla ya kulipa: mwongozo wa kulima na kurudisha masalia shambani

Mwezi wa nane, ukipanda kilima chochote hapa Mbozi wakati wa jioni, unaweza kuhesabu moshi. Mahindi yameshavunwa, ng'ombe wamepita, na kilichobaki kinapigwa kiberiti ili plau ipite bila kukwama mvua zikianza. Simlaumu anayechoma. Nimechoma miaka mingi, na mwaka wa kwanza nilipoacha nilivuna pungufu kuliko jirani yangu aliyechoma. Ndiyo maana naandika. Watu wengi huacha kuchoma msimu mmoja, wakapata hasara, wakarudi kwenye kiberiti na hawasikii tena la mtu. Kosa halikuwa la mabua. Kosa lilikuwa siku yalipoingia ardhini, kina yalipofukiwa, na mbegu iliyopandwa juu yake.

Nitazungumzia zaidi mahindi ya Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi karibu Mei. Walio na vuli na masika watatumia kanuni zile zile ila muda wao umebana. Mpunga una tabia yake, nimeutengea sehemu yake mwishoni.

Kwanza mjue anayekula hayo mabua

Gramu moja ya udongo, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, hubeba bakteria mamia ya mamilioni, na katika udongo wenye afya hupita bilioni moja. Pamoja nao wamo kuvu, ambao hutambaa kama nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hawa ndio wanaogeuza bua kuwa mboji. Jembe halifanyi kazi hiyo, linamsogezea tu mlaji chakula chake.

Mlaji huyu ana masharti. Mwili wake umejengwa kwa kaboni na naitrojeni, takribani sehemu 8 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Sehemu kubwa ya kaboni anayokula anaipumua nje kama hewa ukaa, kwa hiyo chakula kinachomtosha bila kupungukiwa kina uwiano wa karibu 24 kwa 1. Bua la mahindi lina karibu 60 kwa 1. Majani mabichi ya marejea au maharage yako 20 au chini ya hapo.

Nikiwaeleza wenzangu huwa nasema hivi: bua ni ugali, naitrojeni ni mboga. Ukimwekea mlaji sinia la ugali mkavu, hataacha kula, atatafuta mboga kwa jirani. Jirani mwenyewe ni mche wako mchanga wa mahindi. Vijiumbe, yaani hao bakteria na kuvu, vimezagaa kila mahali udongoni na vina njaa kuliko mzizi, kwa hiyo katika mashindano hayo vinashinda. Naitrojeni iliyokuwa tayari kwa mmea inahamia miilini mwao na kukaa humo mpaka mabua yaishe, vijiumbe vife, na wengine wawale. Hapo ndipo inapotoka tena. Kwa hiyo mabua yanakopa kwanza, kisha yanalipa, na kati ya kukopa na kulipa kuna wiki nyingi.

Tupige hesabu ya ekari moja. Ukivuna gunia 15 za kilo 100, shambani yamebaki mabua tani moja na nusu au zaidi kidogo. Kila tani ina naitrojeni kilo 6 hadi 8 na potasiamu kilo zaidi ya 10. Hiyo ndiyo mali unayoichoma. Lakini ili vijiumbe viimalize tani hiyo haraka, vinahitaji naitrojeni nyingine ya karibu kilo 7 hadi 10 kutoka nje ya bua. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo mabua ya ekari moja, yakifukiwa yote kwa mara moja, yanaweza kushika nusu ya mfuko kwa muda. Mfuko huo haupotei. Umefungiwa kabatini, na mahindi yanauhitaji wiki hiyo hiyo.

Na jembe linafanya nini

Udongo wenye afya umejishika madongemadonge madogo. Ndani ya donge kuna mboji iliyojificha, bakteria hawaifikii. Ukilima, unalivunja donge, hewa inaingia, bakteria wanakurupuka kama kuku waliofunguliwa asubuhi, wanaila ile mboji kwa kasi na kuachia naitrojeni. Ndiyo maana shamba lililolimwa vizuri linaota kijani. Unakula akiba. Kila mwaka unalima zaidi, akiba inapungua, na mwaka wa kumi mbolea ile ile haileti mavuno yale yale.

Kuvu ndio wanaoumia zaidi, maana nyuzi zao zikikatwa lazima waanze upya. Wapo kuvu wa aina ya maikoriza wanaoishi ndani ya mizizi ya mahindi na kunyoosha nyuzi zao mbali, kuliko mzizi unavyoweza kufika, wakileta fosforasi. Udongo wetu mwekundu hushika fosforasi kwa nguvu, kwa hiyo mtandao huo ni msaada mkubwa, na plau inaukatakata kila Novemba. Nyungunyungu nao hupoteza njia zao.

Kwa upande mwingine, kuacha kulima peke yake si dawa. Shamba ambalo halijalimwa na halijafunikwa ni sakafu. Mvua inaligonga, uso unafunga, maji yanakimbia. Anayekuambia "acha kulima" bila kukuambia utafunika kwa nini amekupa nusu ya habari, na nusu hiyo ina hasara kuliko kulima.

Hatua ya 1: Chimba uone, usikisie

Kabla ya kuamua lolote, wakati udongo una unyevu, chimba shimo la sentimita 40 katikati ya shamba. Tumia koleo, toa bonge zima, uliweke juu ya gunia.

Shika kisu, ukichome pembeni mwa shimo kuanzia juu kushuka chini, sentimita moja moja. Mahali kinapogoma ghafla ndipo lilipo tabaka gumu. Kwa mashamba ya jembe la mkono mara nyingi ni kati ya sentimita 10 na 15, kwa plau ya maksai chini kidogo ya hapo. Angalia mizizi ya zamani: kama imefika hapo ikageuka na kutambaa kando, hiyo ndiyo dari ya shamba lako, na utaivunja mara moja kabla ya kuanza mpango wowote wa kutolima.

Kisha nusa. Udongo ulio hai una harufu ya mvua ya kwanza, harufu inayotokana na bakteria waitwao aktinomaisiti. Usiokuwa na harufu yoyote umechoka. Unaonuka yai viza umekosa hewa.

Jaribio la tatu ninalipenda kwa sababu hata mtoto anaelewa. Kausha madonge mawili ya ukubwa wa punje kubwa ya karanga, moja kutoka shambani, jingine kutoka chini ya mti au ukingoni ambako hapajawahi kulimwa. Yatumbukize taratibu kwenye glasi mbili za maji. La shambani mara nyingi linameguka na kuwa tope ndani ya dakika moja. La ukingoni linakaa. Kinacholishika ni gundi inayotolewa na kuvu na bakteria, pamoja na nyuzi zenyewe.

La mwisho: nunua kipande cha marekani, kitambaa cha pamba tupu kisichochanganywa na nailoni. Kata vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, vizike wima kina cha sentimita 15 sehemu mbili tofauti mvua zikishashika, weka kijiti cha alama. Utavifukua baada ya miezi miwili. Nitavirudia.

Hatua ya 2: Laza mabua chini mara tu baada ya mavuno

Usiyaache yamesimama mpaka Oktoba. Bungua wa mabua hujificha ndani ya bua kavu na kungojea mvua. Bua likiwa limesimama, au limerundikwa kwenye lundo kubwa, funza huyo yuko salama. Likilazwa chini, moja moja, juani kwa wiki nne hivi, joto linaua wengi wao. Hofu ya wadudu ndiyo sababu kubwa watu wanayonipa ya kuchoma, na hofu hiyo ina msingi, lakini jua la Julai linafanya kazi hiyo bila kukuchukulia naitrojeni.

Kama shamba lilikuwa na ugonjwa wa madoa ya kijivu ya majani, usitandaze mabua hayo kwa ajili ya mahindi tena. Vimelea vyake huishi juu ya masalia yaliyo usoni. Yafukie, au panda kitu kingine msimu unaofuata.

Hapo kuna suala la ng'ombe. Huwezi kuwaambia majirani waache kulisha mabua kama ndiyo desturi, mtagombana bure. Mimi tulikubaliana: waingie wiki mbili baada ya mavuno, watoke, na kila mwenye ng'ombe anirudishie mikokoteni ya samadi. Ng'ombe anakula majani na kuacha mashina magumu, ambayo hayahitajiki sana kwake na yanafaa kwangu. Kulisha na kupata samadi ni bora kuliko kuchoma kwa kila hali.

Kuhusu kuchoma kwenyewe, ukweli usemwe. Shamba lililochomwa huanza vizuri. Majivu yana potasiamu na yanapunguza tindikali kidogo, na hakuna mabua ya kushindania naitrojeni, kwa hiyo mahindi machanga yanapendeza. Jirani yangu hakuwa mjinga. Ila naitrojeni karibu yote ya mabua imepanda na moshi, na mlaji wa udongoni hakupata kitu.

Hatua ya 3: Chagua moja, kufukia au kutandaza

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo.

Bua lililofukiwa limezungukwa na udongo pande zote. Lina unyevu, bakteria wanalifikia, linaoza haraka, na linakopa haraka. Bua lililotandazwa juu linagusa ardhi upande mmoja tu. Linaoza polepole, zaidi kwa kazi ya kuvu ambao wanaweza kunyoosha nyuzi kutoka udongoni, na mkopo wake ni mdogo na wa pole. Wakati huo huo linazuia mvua isigonge ardhi na jua lisikaushe.

Kwa hiyo, kama unapanda mahindi baada ya mahindi, na mvua zako hazikupi nafasi ya kusubiri, tandaza. Kama unapanda maharage, soya au mbaazi, au una mwezi mzima wenye unyevu kabla ya kupanda, fukia. Kama shamba ni la mteremko, tandaza hata kama sababu nyingine zinakuvuta kufukia. Na kama shimo lako la hatua ya kwanza limeonyesha tabaka gumu, lima mwaka huu, vunja tabaka, changanya mabua, panda jamii ya mikunde, kisha anza kutandaza mwaka unaofuata.

Ukitandaza, pima. Kiwango cha chini kinachokubalika katika kilimo hifadhi ni ardhi kufunikwa asilimia 30 wakati wa kupanda. Chukua kamba ya mita 10, ifunge fundo kila sentimita 10, uinyooshe shambani kwa mshazari. Tembea ukihesabu mafundo yaliyolalia bua. Yakiwa 30 kati ya 100, umefika. Fanya mara tatu sehemu tofauti. Mimi mara ya kwanza nilidhani nina zaidi ya nusu, kamba ikaniambia 22.

Palizi itakuwa kubwa zaidi miaka miwili ya mwanzo. Jiandae kwa nguvu kazi au kwa dawa ya magugu, kadiri ya uwezo wako, kwa sababu wengi huishia hapo.

Hatua ya 4: Ukifukia, usizike

Plau ikizama sentimita 25 na kupindua bonge zima, mabua yanalala chini kwenye tabaka moja kama mkeka. Juu yake udongo, chini yake udongo, hewa haipiti. Yanaoza vibaya, maji yanasimama hapo, na mizizi ikifika inakwama.

Unachotaka ni mchanganyiko. Katakata mabua kwa panga vipande vya sentimita 15 hadi 20, kisha changanya ndani ya sentimita 10 hadi 15 za juu, ambako vijiumbe ni vingi zaidi. Jembe la mkono linatosha kina hicho. Ukiwa na trekta, mwambie dereva apitishe haro, zana ya kuchanganya udongo wa juu, si plau, au apitishe plau kwa kina kifupi kisha haro. Dereva atakuambia anakulimia vizuri akizamisha zaidi. Mshukuru, na simama pale mpaka amalize.

Hatua ya 5: Kalenda

Narudi kwenye mwaka wangu wa hasara. Niliacha mabua mpaka Novemba. Mvua mbili zikanyesha, nikaita trekta, likafukia kila kitu kwa kina kirefu, siku ya tano nikapanda mahindi. Yaliota sawasawa. Wiki ya nne yakaanza kuwa manjano, majani ya chini kwanza, manjano ikianzia nchani na kushuka na mshipa wa kati kama herufi V. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, haifanani na kitu kingine. Nilichimba pembeni ya shina moja. Sentimita 20 chini nikakuta mkeka wa mabua, umelowa, umejaa nyuzi nyeupe za kuvu, wamechangamka kweli kweli. Walikuwa wanakula chakula cha mahindi yangu. Shamba la jirani upande wa pili wa mfereji lilikuwa kijani kibichi, na wapita njia walikuwa wanayatazama yote mawili.

Mwezi wa pili wale kuvu walianza kulipa. Mahindi yakawa kijani yalipokuwa yameshaamua ukubwa wa gunzi lake.

Kinachoshangaza ni kwamba udongo wetu huwa na zawadi yake wakati huo huo. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa tena, vijiumbe vinaamka kwa kishindo na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache. Wanasayansi duniani kote bado wanaliita jambo hilo kwa jina lake. Wazee wetu walilijua kwa namna yao walipotuhimiza kupanda na mvua za kwanza. Ukichelewa wiki tatu, sehemu ya naitrojeni hiyo imeshazama chini na maji. Na ukifukia mabua makavu siku hizo hizo, wanaokula mabua wameinyakua.

Kalenda yangu sasa iko hivi. Kama mahindi yametoka shambani mapema na udongo bado una unyevu, mwezi wa tano au wa sita, nafukia wakati huo huo. Kazi ya kuoza inaanza, inalala kiangazi, na Novemba mkopo umeshapungua. Kama udongo umekauka, siusumbui. Kufukia Agosti kwenye vumbi ni kazi bure, maana bila maji vijiumbe vimelala, na umeliacha shamba wazi kwa upepo. Nayaacha mabua juu, Oktoba napitisha ripa ya maksai, zana inayopasua mfereji mwembamba, kwenye mistari ya kupandia tu, mvua ya kwanza napanda mahindi ndani ya mfereji, mabua yanabaki katikati ya mistari. Asiye na ripa achimbe mashimo ya kupandia kwa jembe, kazi ni ileile. Na kama lazima ufukie mwanzoni mwa mvua, subiri wiki tatu hadi nne kabla ya kupanda mahindi, ukijua unapoteza siku.

Hatua ya 6: Lipa sehemu ya mkopo

Msimu wa kwanza na wa pili ongeza naitrojeni mapema. Usiimwage urea juu ya mabua ukidhani unavilisha vijiumbe. Masalia yana kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia, na juani sehemu kubwa inaruka hewani. Weka mbolea ya kupandia ndani ya shimo, sentimita 5 kutoka kwenye mbegu, ifunikwe na udongo. DAP mfuko mmoja kwa ekari unatoa naitrojeni kilo 9, na hiyo inausogeza mche mpaka wiki ya tatu. Mbolea ya kukuzia iwahi, wiki ya tatu hadi ya nne, usingoje mpaka magotini, nayo pia ifukie.

Samadi iliyooza vizuri inafaa zaidi, kwa sababu inaleta mboga na walaji kwa pamoja. Ukiwa nayo kidogo, iweke kwenye mashimo ya kupandia, usiitawanye shamba zima.

Hatua ya 7: Maharage kwanza, kama Wamatengo

Nenda Mbinga, mkoa wa Ruvuma, utazame ngoro kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare angesema hailimiki. Wamatengo wanalima hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Mwezi wa pili na wa tatu wanafyeka nyasi, wanaziacha zinyauke, wanazipanga mistari inayokatizana kama nyavu. Kisha wanachimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuufunika juu ya nyasi. Yanabaki mashimo yanayokamata maji, yamezungukwa na matuta yenye nyasi ndani.

Juu ya matuta hayo wanapanda maharage. Mahindi yanakuja baadaye, mvua za mwisho wa mwaka.

Niliwahi kudhani ni desturi tu, mpaka mahindi yangu yalipogeuka manjano. Nyasi zilizofukiwa zinakopa naitrojeni miezi ile ile ambapo maharage yapo shambani, na maharage yana bakteria wake mizizini, raizobia, wanaochota naitrojeni hewani. Tena vinundu vya mizizini hufanya kazi vizuri zaidi udongo ukiwa na naitrojeni kidogo. Kufika Novemba nyasi zimeoza, mkopo unalipwa, na wanaolipwa ni mahindi. Hakuna mfuko wa urea uliotumika kununua muda. Maharage si hodari wa kuchota kama soya au mbaazi, lakini kwa nafasi hiyo yanatosha. Wafipa wa Sumbawanga nao huzika nyasi kwenye matuta yao yenye umbo la vichuguu na kuyapanda kwa mpango unaofanana.

Huhitaji kuchimba ngoro. Chukua mpangilio: mwaka ule unaofukia mabua mengi, anza na mikunde.

Kwa wa majaruba

Usangu, Kilombero au Mwea kule Kenya, mabua ya mpunga yana uwiano wa karibu na ule wa mahindi, lakini maji yanabadilisha kila kitu. Kwa hesabu za Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, iliyoko Ufilipino, tani moja ya mabua ya mpunga ina naitrojeni kilo 5 hadi 8, na potashi kilo 14 hadi 20. Ukichoma, naitrojeni karibu yote inakwenda, fosforasi karibu robo, potashi karibu moja ya tano. Anayeuza marobota ya mabua kwa wafugaji, kama wanavyofanya Mwea, anauza potasiamu ya jaruba lake. Auze, ila ajue kwamba mbolea ya potashi sasa inamhusu.

Fukia wiki mbili hadi tatu baada ya kuvuna, jaruba likiwa na unyevu bila maji yaliyosimama, kina cha sentimita 5 hadi 10. Pawatila inafanya kazi hiyo vizuri. Mabua yataoza yakiwa na hewa. Ukiyavuruga ndani ya tope wiki moja kabla ya kupandikiza, wanaofanya kazi ni bakteria wasiotumia hewa, nao wanatoa methani, tindikali na gesi yenye harufu ya yai viza. Ng'oa mche mmoja uangalie mizizi. Nyeupe au ya rangi ya kutu ni salama. Ikiwa myeusi na inanuka, toa maji, acha jaruba lipasuke nyufa nyembamba kwa siku chache, kisha rudisha. Machipukizi ya mpunga wa zamani yafukie yote. Yanahifadhi kimyanga, ugonjwa wa virusi wa mpunga, kwa ajili ya msimu ujao.

Utajuaje kwamba inafanya kazi

Usitazame mavuno ya mwaka wa kwanza. Mboji haijengwi kwa msimu. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la shayiri ambalo sehemu yake moja iliwekwa samadi kila mwaka kuanzia 1852 hadi 1871, kisha ikasimamishwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye sehemu hiyo bado ilikuwa na mboji nyingi kuliko ile ya jirani yake isiyowekwa kitu. Ardhi inachukua muda kupokea, na inachukua muda mrefu zaidi kusahau.

Mwaka wa pili tazama maji: baada ya mvua kubwa, je, mfereji wa chini ya shamba unapitisha maji mekundu au yaliyochujika? Chimba uhesabu nyungunyungu kwenye bonge la koleo moja. Rudia jaribio la glasi.

Vile vitambaa vya marekani nilivizika mwaka wa tatu, kimoja kwenye ekari ninayotandaza, kingine kwenye kona ambayo mwenye shamba wa zamani alikuwa akichoma na sikuwahi kuigusa. Baada ya miezi miwili cha kona kilitoka kizima, kimebadilika rangi tu, ningeweza kukifua na kufungia ndoo. Cha upande wa pili sikukipata kwa koleo. Nilikitafuta kwa vidole, nikatoa pindo lililoshonwa kwa uzi wa nailoni, na ndani yake nyavu nyembamba zilizonikatikia mkononi.

Kona hiyo nimeianza mwaka huu. Tabaka gumu liko sentimita 13, nimelivunja kwa sururu, nimefukia mabua mwezi wa sita kabla unyevu haujaisha, na Novemba naweka soya.